Kuandika pendekezo la kupunguza kodi ambalo kamati ya Bunge haitaliweka kando

Kila Mei nchini Kenya, maoni kuhusu Mswada wa Fedha, yaani mswada wa kila mwaka wa kubadilisha kodi, hufika kwa Karani wa Bunge la Kitaifa kwa marundo. Mengi yanasema jambo moja: maisha ni magumu, kodi zimezidi, punguzeni. Ni kweli, ila kamati haina la kufanya na sentensi hiyo. Kamati hufanya kazi kwa vifungu vya sheria na tarakimu. Ukitaka kodi ishuke, waambie kifungu kipi kibadilishwe, serikali itapoteza shilingi ngapi, na pengo hilo litazibwa kutoka fungu gani la matumizi. Swali la tatu ndilo wengi hawaligusi, na ndilo litakaloamua hatima ya waraka wako.

Angalia yaliyotokea mwaka 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulilenga kukusanya shilingi bilioni 346 zaidi. Rais alikataa kuutia saini tarehe 26 Juni baada ya maandamano, na siku chache baadaye akatangaza jinsi ya kufunga hesabu: kupunguza matumizi kwa bilioni 177 na kukopa bilioni 169. Desemba mwaka huo huo zikaja sheria nyingine za marekebisho ya kodi. Kodi inayoondolewa bila kutajiwa mahali pa kukata hugeuka deni. Na riba ya deni la Kenya, riba tu, sasa imevuka shilingi trilioni moja kwa mwaka. Hiyo ni kodi ya kesho.

Jua dirisha linafunguliwa lini

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini bajeti huanza kupikwa miezi kumi kabla. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe. Kufikia 30 Agosti Hazina ya Taifa hutuma mwongozo kwa wizara. Kufikia 30 Septemba hutoka tathmini ya bajeti iliyopita pamoja na viwango vya awali vya kila sekta. Kati ya Novemba na Januari hufanyika vikao vya sekta, ambavyo miaka ya karibuni vimekuwa vikiandaliwa katika jumba la mikutano la KICC, Nairobi, na mtu yeyote anaruhusiwa kuingia. Kufikia 15 Februari Taarifa ya Sera ya Bajeti hufika Bungeni, na wabunge huwa na siku 14 tu za kuipitisha. Kufikia 30 Aprili huletwa makadirio ya matumizi na Mswada wa Fedha. Juni husomwa hotuba ya bajeti, na kufikia tarehe 30 mwezi huo sheria zote mbili, ya matumizi na ya kodi, zinapaswa kuwa tayari.

Kosa la kawaida ni kusubiri hotuba. Siku Waziri wa Fedha anapopiga picha na mkoba wake, viwango vya wizara vimekwisha kufungwa tangu Februari. Anayetaka kugusa matumizi aende vikao vya sekta au awaandikie wabunge Februari. Anayetaka kubadilisha kiwango cha kodi ana milango miwili. Wa kwanza ni Hazina, kabla Mswada haujaandikwa. Huwa inatangaza magazetini na kwenye tovuti yake kwamba inapokea mapendekezo ya sera ya kodi, kwa kawaida mwisho wa mwaka au mwanzo wa mwaka mpya. Wa pili ni Kamati ya Fedha na Mipango ya Bunge la Kitaifa mwezi Mei. Mlango wa Hazina ni mpana zaidi. Kwa Kifungu cha 114 cha Katiba, mswada wa fedha hushughulikiwa kwa mapendekezo ya kamati baada ya kuzingatia maoni ya Waziri, kwa hiyo jambo ambalo halimo kabisa ndani ya Mswada ni vigumu kulichomeka Mei.

Kuna mlango ambao watu hugonga bure: ushuru wa forodha. Huo haupangwi na Mswada wa Fedha. Viwango vyake (0, 10, 25 na 35 kwa mia) ni vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kenya ikitaka tofauti huiombea kwenye jumuiya, kisha hutangazwa katika gazeti rasmi la jumuiya. Mwenye karakana ya Kariobangi, Nairobi, anayelalamikia ushuru wa mabati apeleke hoja yake Hazina mapema, pamoja na orodha ya namba za forodha za bidhaa husika. Mei kamati itamsikiliza kwa adabu, basi.

Chagua kodi sahihi kabla ya kudai ishuke

Hapa ndipo nia njema huharibikia. Chukua VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Watu hudai bidhaa fulani "iondolewe VAT" wakidhani bei itashuka. Lakini kuna njia mbili za kuiondoa, na haziendi mahali pamoja. Bidhaa ikiwekwa kwenye kiwango cha sufuri, mtengenezaji hatozi VAT anapouza, na VAT aliyolipa aliponunua malighafi anadai arudishiwe. Bidhaa ikisamehewa, hatozi VAT anapouza, lakini aliyoilipa imekwenda.

Tuseme mwenye tanuri la mikate analipia umeme, mifuko ya kufungia na vipuri vya shilingi 500,000 kwa mwezi. Juu yake kuna VAT ya 80,000. Mkate wa kawaida ukiwa kwenye kiwango cha sufuri, anadai 80,000 zake KRA, mamlaka ya kukusanya kodi. Mkate ukihamishiwa orodha ya bidhaa zilizosamehewa, zile 80,000 zinaingia kwenye gharama yake na mwishowe kwenye bei dukani, ingawa kwenye risiti hakuna mahali palipoandikwa VAT. Kwa hiyo ukiona Mswada "unasamehe" bidhaa iliyokuwa sufuri, hiyo ni kodi inayoingia kwa mlango wa nyuma. Soma Jedwali la Kwanza (zilizosamehewa) na la Pili (za kiwango cha sufuri) la Sheria ya VAT sambamba: kilichotolewa la pili na kuingizwa la kwanza kimepanda.

Hata kiwango cha sufuri kina kasoro yake: kinategemea KRA kurudisha pesa kwa wakati. Marejesho yakikawia, mwenye tanuri ameikopesha serikali bila riba huku yeye mwenyewe akikopa benki kwa riba. Ndiyo maana, kwa maoni yetu, kipaumbele cha kwanza cha anayetaka uchumi ukue si kupunguza kiwango chochote. Ni kutenga pesa za marejesho ya VAT na za kuwalipa wanakandarasi na wauzaji wanaoidai serikali. Mtu aliyeuzia wizara bidhaa za milioni moja anatakiwa kuwasilisha VAT ya 160,000 kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata ankara, wizara iwe imelipa au haijalipa. Akichelewa kuna faini ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Kumlipa huyo deni lake kunaweka pesa mtaani upesi kuliko punguzo lolote la kodi, na hakuhitaji kubadilisha sheria hata moja.

Kodi ya mauzo ya biashara ndogo ni pahali pengine pa kutazama kwa makini. Tangu Julai 2023 ni asilimia 3 ya mauzo yote, kwa biashara yenye mauzo ya zaidi ya milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka. Kabla ya hapo ilikuwa asilimia 1. Duka la rejareja linalouza milioni 5 kwa mwaka na kubaki na asilimia 10 ya mauzo baada ya kutoa bei ya kununulia na gharama za kuleta bidhaa lina 500,000 mkononi. Kodi ni 150,000. Hiyo ni asilimia 30 ya kilichobaki, na bado mwenye duka hajalipa pango wala kijana anayemsaidia. Kinyozi mwenye mauzo hayo hayo, ambaye hana shehena ya kununua, haumii hivyo. Pendekezo zuri basi haliishii kwa "rudisheni asilimia 1". Linaweza kuomba kiwango kidogo kwa wanaouza bidhaa zenye faida nyembamba. Kumbuka pia kwamba mwenye duka anaweza kuchagua kuingia katika kodi ya kawaida ya mapato, akiweka vitabu, kwa hiyo taja kwa nini njia hiyo haimfai.

Kwa walioajiriwa, usikimbilie PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, bila kuangalia ni nani atakayefaidika. Mfanyakazi wa 20,000 kwa mwezi halipi PAYE hata senti, kwa sababu nafuu ya mtu binafsi ya 2,400 kwa mwezi, inayotolewa kwenye kodi yake, inameza kodi yote ya shilingi 24,000 za kwanza. Anachokatwa ni 550 za bima ya afya, 300 za ada ya nyumba na 1,200 za NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni. Ukiongeza nafuu ya PAYE, yeye haoni kitu. Na ada ya nyumba haiguswi kwa Mswada wa kodi pekee: ina sheria yake ya 2024 na mfuko wake, na kuipunguza kunamaanisha nyumba chache zaidi katika mfuko huo, si pengo kwenye hazina kuu. Ndivyo ilivyo pia kwa ada ya matengenezo ya barabara, iliyopandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita ya mafuta Julai 2024. Ukidai ishuke, taja barabara zitalipiwa na nini.

Piga hesabu ya kinachopotea

Kamati ina wataalamu wa ofisi ya bajeti ya Bunge na maafisa wa KRA watakaopitia tarakimu zako. Hesabu isiyo kamili lakini iliyoonyesha njia yake huheshimiwa kuliko tarakimu nono isiyo na mzazi.

Mfano: unataka nafuu ya mtu binafsi ipande kutoka 2,400 hadi 3,000 kwa mwezi. Tofauti ni 600, yaani 7,200 kwa mwaka kwa kila anayelipa. Walioajiriwa katika sekta rasmi, kwa takwimu za KNBS, shirika la taifa la takwimu, ni zaidi kidogo ya milioni 3. Milioni 3 mara 7,200 ni bilioni 21.6. Hiyo ni kama dari, kwa sababu wenye mapato ya kutozwa kodi yasiyozidi 24,000 hawapati chochote, na wa kati ya 24,000 na 26,400 wanapata sehemu. Kuanzia 26,400 kwenda juu wanapata 600 kamili. Andika hivyo hivyo: "haitazidi bilioni 21.6". (Hesabu hii inatumia ngazi za PAYE zilizowekwa 2023, kama zimebadilishwa unapoandika, irudie.)

Sasa sehemu inayowaponza wengi: dai kwamba punguzo litajilipa lenyewe. Mfanyakazi akibaki na 600 zaidi na kuzitumia zote kwa bidhaa zenye VAT, serikali inapata 16 katika kila 116, yaani takriban shilingi 83. Hiyo ni asilimia 14 ya kilichoachiliwa, na ni kiwango cha juu, maana unga hauna VAT, na pango la nyumba ya kuishi vilevile. Ongeza mzunguko wa pili na wa tatu upendavyo, hutafika asilimia 100 mwaka huo. Mwaka 2020 Kenya ilishusha VAT hadi 14 kwa mia na kodi ya makampuni hadi 25 kwa sababu ya korona. Tarehe 1 Januari 2021 vyote viwili vilirudi vilikokuwa. Punguzo lisilo na kiti chake katika bajeti halikai.

Tafuta pa kukata ndani ya vitabu

Pakua makadirio kutoka tovuti ya Hazina au ya Bunge. Kuna vitabu vya aina tatu: matumizi ya kawaida, matumizi ya maendeleo, na kile cha programu chenye malengo. Anza na cha matumizi ya kawaida. Kila idara ina namba ya fungu, mathalani 1071 ni Hazina yenyewe, na ndani yake kila aina ya matumizi ina namba moja inayofanana serikali nzima. Hizi ndizo za kuwinda: 2210300 ni safari za ndani na posho zake, 2210400 safari za nje, 2210500 uchapishaji na matangazo, 2210700 mafunzo, 2210800 ukarimu, yaani chai na vikao vya hotelini, 2220100 matengenezo ya magari, 3110700 ununuzi wa magari.

Fungua jedwali la kompyuta lenye safu tano: fungu, namba ya kipengele, kilichoidhinishwa mwaka uliopita, kinachoombwa sasa, na kilichotumika kweli. Safu ya tano ndiyo dhahabu, na haimo kwenye vitabu vya makadirio. Inatoka kwenye ripoti za robo mwaka za Msimamizi wa Bajeti. Bila safu hiyo utakata hewa: mradi ulioandikiwa bilioni 2 kwenye kitabu lakini ukapewa milioni 300 tu mwaka mzima hauachi bilioni 2 ukiufuta. Serikali yenyewe hucheza mchezo huu kwenye bajeti ya ziada, ikifuta miradi ambayo haikuwa ikipewa pesa na kuita hilo kubana matumizi.

Mambo matatu huwapotosha wanaosoma vitabu hivi mara ya kwanza. La kwanza, kila fungu lina jumla kuu na jumla baada ya kuondoa mapato ambayo idara inakusanya yenyewe. Ukilinganisha jumla kuu ya mwaka huu na jumla halisi ya mwaka jana utagundua "ongezeko" ambalo halipo. La pili, malipo ya deni, pensheni na mishahara ya ofisi za kikatiba hayamo kwenye mafungu ya wizara. Yanatoka moja kwa moja kwenye Mfuko Mkuu wa serikali na Bunge haliyapigii kura kila mwaka. Usipendekeze "punguzeni riba kwa nusu". La tatu, mgao wa kaunti una ulinzi wa Katiba na hupitia mswada wake.

Epuka pia kishawishi cha kukata maendeleo kwa kuwa huko tarakimu ni kubwa. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende maendeleo katika kipindi cha kati, na anayedai ukuaji wa uchumi huku akifuta njia ya umeme ya Industrial Area, eneo la viwanda la Nairobi, anajipinga mwenyewe. Vilevile usizibe punguzo la kudumu kwa pesa za mara moja. Kuuza hisa za shirika la umma kunaleta pesa mwaka mmoja. Nafuu ya kodi inagharimu kila mwaka.

Andika waraka wenyewe

Kurasa tatu hadi nne zinatosha. Ukurasa wa kwanza uwe na jina lako au la kikundi, unayemwakilisha, na mapendekezo kwa sentensi moja moja. Kisha jedwali la safu nne: kifungu, kilivyo sasa, unavyotaka kiwe, sababu. Hili ndilo umbo ambalo makarani wa kamati hulitumia kukusanya maoni, na waraka uliokwisha pangwa hivyo hunakiliwa kwenye ripoti karibu kama ulivyo.

Safu ya tatu lazima iwe na maneno kamili ya kisheria. Usiandike "nafuu iwe 3,000". Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura 470, Jedwali la Tatu, inaitaja nafuu hiyo kwa mwaka: shilingi 28,800. Kwa hiyo andika kwamba tarakimu "28,800" ifutwe na mahali pake iwekwe "36,000". Kiswahili ni lugha rasmi ya Bunge kwa Kifungu cha 120 cha Katiba, sababu zako ziandike kwa Kiswahili bila woga; ila maneno ya marekebisho yanakili kwa Kiingereza cha sheria yenyewe, yasije yakapotea njiani.

Kwenye safu ya sababu weka vitu vinne kwa mpangilio huu: anayeumia leo na kwa shilingi ngapi, gharama ya punguzo kwa Hazina, vipengele vya kukatwa pamoja na namba zake, na kifungu cha 15 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma kinachodai viwango vya kodi viwe vya kutabirika kwa kiasi cha kuridhisha. Kifungu hicho hutajwa mara chache mno. Mwenye kiwanda anayebadilishiwa kodi kila Julai haajiri, anasubiri.

Tangazo la kupokea maoni hutoa siku chache na hutaja saa ya mwisho, mara nyingi saa kumi na moja jioni. Tuma kwa barua pepe na upeleke nakala kwa mkono Majengo ya Bunge, upigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Nakala iliyopigwa muhuri ndiyo ushahidi wako kama suala litafika mahakamani. Ukiitwa mbele ya kamati utapewa dakika chache. Soma jedwali tu, wacha historia.

Baada ya Juni

Ripoti ya kamati hupakiwa kwenye tovuti ya Bunge. Tafuta jina lako, uone kama pendekezo limekubaliwa au kukataliwa na kwa hoja gani, kwa maana hoja hiyo ndiyo utakayoijibu mwakani. Kisha fuatilia bajeti ya ziada. Kifungu cha 223 cha Katiba kinaruhusu serikali kutumia pesa zisizoidhinishwa, hadi asilimia 10 ya zilizopitishwa, na kuliomba Bunge idhini ndani ya miezi miwili. Safari za nje zilizokatwa Juni hurudi kwa njia hii Januari. Linganisha namba zile zile saba kwenye jedwali lako. Idara ikikataa kutoa takwimu, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa wake siku 21 za kukujibu.

Kwa ada za jiji, kama vile leseni za biashara, maegesho na kodi ya ardhi, kalenda ni nyingine. Bunge la Kaunti ya Nairobi hupitisha makadirio Juni, lakini Mswada wa Fedha wa kaunti hupewa hadi siku 90 baada ya sheria ya matumizi kupita, kwa hiyo dirisha lake huwa kati ya Julai na Septemba, wakati watu wengi wameshasahau mambo ya bajeti. Waraka wa kaunti hupelekwa kwa Karani wa Bunge la Kaunti, City Hall, kwa jedwali lile lile la safu nne.